Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Skuli, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu: Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Kwa kuwa wewe ni daktari, na kwa kuwa visiwa vyetu vimekuwa vikipambana na kipindupindu tangu mwaka 1978, klabu yetu ilichagua kusoma jinsi seli za utumbo zinavyotoa kloraidi, yaani sehemu mojawapo ya chumvi, na namna vizuizi vya vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, vinavyoubadili utoaji huo.

Kloraidi huingia ndani ya seli kutoka upande wa damu ikifuatana na sodiamu na potasiamu, kisha hutokea upande wa pili, ndani ya utumbo, kupitia mlango wa protini uitwao CFTR, nayo sodiamu na maji hufuata. Mlango huo hufunguka pale cAMP, kemikali ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapozidi. Sumu ya kipindupindu hukilazimisha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP kufanya kazi bila kupumzika, ndiyo maana mgonjwa hupoteza lita nyingi za maji kwa siku moja ilhali ukuta wa utumbo wake haukuchubuka.

Lililotushughulisha zaidi ni kwamba kukizuia kimeng'enya si lazima kupunguze maji yanayotoka. Theofilini, ambayo wengine humu wanaijua kwa kutibu pumu, huzuia fosfodiesterasi, yaani kimeng'enya kinachoivunja cAMP; maabarani, kipande cha utumbo kilichotiwa dawa hiyo hutoa kloraidi kwa wingi, mithili ya karo lililozibwa tundu na mfereji ungali unamwaga. Rasekadotrili, dawa ya kuharisha, hufanya kinyume chake. Hiyo huzuia enkefalinasi, kimeng'enya kinachozivunja kemikali za ujumbe ziitwazo enkefalini, enkefalini za mwili wenyewe zikadumu na kuipunguza cAMP, na kuharisha kukapungua bila ya mwendo wa utumbo kusimamishwa. Ipo pia wabaini, inayotoka katika miti iliyowapa wawindaji wa Afrika Mashariki sumu ya mishale: huizuia pampu ya sodiamu na potasiamu, ile protini inayoitoa sodiamu nje ya seli na kuiingiza potasiamu, na utoaji wa kloraidi ukakatika, lakini moyo nao unaitegemea pampu hiyo hiyo, kwa hiyo haifai kabisa kuwa dawa ya tumbo.

ORS, yaani maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa anayeharisha, haizuii kimeng'enya chochote. Glukosi iliyomo huingia pamoja na sodiamu kwa njia ambayo sumu ya kipindupindu haiigusi, maji yakafuata, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili kutangulia majumbani, kabla ya kidonge chochote cha kubahatisha.

Mheshimiwa, mengi ya haya tumeyasoma vitabuni. Tulichoweza kukifanya kwa mikono yetu ni kukizuia kimeng'enya cha mate kwa chumvi ya shaba, tukaona wanga haukuvunjwa, na iodini tuliyoutilia ikabaki na rangi ya buluu iliyokoza inayoonesha kuwa wanga ungalipo. Tunakuomba utusaidie kupata hadubini na mizani ya maabara, na utufungulie njia ya kuitembelea maabara ya hospitali, tuone sampuli zinavyopimwa.

Tunaomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.