Nani anawahesabu vipanga wetu?

Mhariri,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minnesota, Marekani. Juzi nilipanda Hawk Ridge, kilima kilicho juu ya mji wa Duluth, kando ya Ziwa Superior, kuona mwewe, vipanga na tai wakihesabiwa. Wanakwenda kusini kukimbia baridi. Ziwani hakuna hewa ya moto ya kuwainua, kwa hiyo hufuata ufuko na kujikuta wote wanapita hapo. Tarehe 15 Septemba 2003 walihesabiwa zaidi ya 102,000, siku moja tu!

Nilidhani ni kazi ya mashine. Kumbe ni dada mmoja, darubini shingoni, kidude cha kubofya mkononi. Mimi niliona punje za pilipili manga angani. Yeye alishasema "arobaini" kabla sijamaliza kufuta miwani. Na pale pale zamani watu walikwenda kuwapiga risasi, mchezo tu.

Vipanga wa Amur hutoka Asia ya Mashariki na kupita kwetu Tanzania kila mwisho wa mwaka. Klabu za mazingira za shule zetu haziwezi kupatiwa darubini mbili tatu na daftari?

Msomaji wako,
Duluth, Marekani