YAH: Mvua ya mawe ya Marekani nimeilipia, upepo wa Wete mnaukataa

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Unguja.

Assalaam alaykum.

Naandika kwa heshima, na naomba muipokee heshima hiyo hapa juu kabisa, maana sijui kama itanifikisha chini ya ukurasa.

Nina barua zenu mbili mbele yangu, zote zimetiwa saini na mtu mmoja. Ya mwanzo ni ile ya kuhuisha bima ya jengo langu la Wete, duka chini na ushoni juu. Mliniarifu kwamba ada inatoka shilingi 480,000 kwenda 760,000 kwa sababu "gharama za mvua ya mawe na dhoruba kali zimepanda duniani" na wale wanaowakatia bima nyinyi, kampuni za bima mtawanyo, wamepandisha bei. Nikalipa. Nililipa yote kwa mara moja, maana kwenu bila ada hakuna bima, na hilo mnalisimamia vizuri sana. Barua ya pili ni ya kunikatalia madai. Paa langu, mnasema, limeondoka kwa "uchakavu", na "hakuna ushahidi wa dhoruba katika eneo husika".

Kwa hiyo dhoruba ya kulipiwa ada iko dunia nzima, na dhoruba ya kulipwa fidia haifiki Wete. Nimeelewa sawasawa?

Ya usiku wenyewe, upepo ulipoling'oa paa langu, nayaruka. Mkadiriaji wenu ameyaandika, picha mnazo, na kifungu cha dhoruba mmekitunga wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Nataka tuzungumze habari ya ofisi yenu ya Unguja.

Niliingia asubuhi, nimeshuka kwenye meli ya usiku, sijalala, nguo bado zina chumvi ya bahari. Kijana wa dawati la madai alinikaribisha vizuri tu, "karibu bi mkubwa", akanipa kiti. Nikamtolea picha nilizokwenda kuzisafisha kwa pesa yangu kwa sababu ofisi ilisema za kwenye simu hazitoshi. Mabati yamejikunja, kenchi zimeng'oka, charahani zimejaa maji, majora ya kitambaa cheupe cha sare za skuli yameingia rangi ya buluu. Aliangalia mbili tatu, akazirundika pamoja, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Kisha akacheka. Akasema, na foleni nzima inasikia: "Bi mkubwa, Zanzibar hakuna dhoruba. Paa lako limezeeka, ungelibadilisha mapema." Watu wakageuka kunitazama.

Nilikusanya picha zangu. Moja ina duara la chai hadi leo, nimeiambatisha hapa.

Niliporudi nyumbani lile neno lenu la "duniani" halikuniacha. Mtoto wa dada yangu amesomea uhasibu, nikamwambia anitafutie hiyo dunia ni ipi. Akanitafutia. Mwaka 2023 hasara zilizolipwa na bima kwa dhoruba za radi, ambazo ndani yake sehemu kubwa ni mvua ya mawe, zilipita dola bilioni 60, na nyingi kupita kiasi zilitokea Marekani. Huko Texas na Colorado mawe ya barafu yanapasua mapaa ya vigae vya lami na vioo vya magari mtaa mzima kwa robo saa. Mwaka 2010, katika kijiji cha Vivian, South Dakota, lilianguka jiwe moja la upana wa sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880. Karibu kilo nzima ya barafu kutoka mbinguni! Nawaonea huruma, wallahi. Na gharama imepanda si kwa mbingu peke yake: nyumba zimejengwa nyingi zaidi kwenye njia ya mvua hizo, bei ya vifaa imeruka, ujira wa mafundi umeruka. Kule baadhi ya kampuni zinamwambia mwenye nyumba ajilipie kwanza asilimia moja au mbili ya thamani ya nyumba ndipo bima ianze. Hayo yote nimeyafahamu, na nakubali kwamba anayewauzia nyinyi bima anakusanya hasara za dunia kwenye kapu moja.

Lakini Pemba, Bwana Meneja? Mimi nimezaliwa hapa na nywele zimekuwa nyeupe, na barafu naijua ya kwenye friji. Mvua ya mawe hutengenezwa juu sana penye baridi. Kwetu sisi pwani maji hayagandi mpaka upande kilomita nne na zaidi, na huku chini ni joto, basi jiwe linayeyuka njiani na kufika tone. Sisemi kwamba Afrika haina. Kericho mashamba ya chai yanapigwa mara kwa mara. Na Mwakata, Kahama, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 35, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hilo si jambo la kuchezea. Ninachosema ni kwamba mmenitoza hatari ambayo kisiwani kwangu haipo, na ile iliyopo, ambayo ni upepo, mmeikana.

Na hiyo hoja ya uchakavu nani aliwafundisha? Kabla ya kunipa hati, mkaguzi wenu alipanda ngazi juu ya paa langu hilo hilo. Akasema kenchi ziongezwe vyuma vya kuzifunga kwenye ukuta na pembeni pagongwe misumari zaidi, kwa sababu upepo hunyanyua bati kuanzia ukingoni. Nikatii. Nikamwita fundi, nikalipa, risiti nikawaletea, mkaipiga muhuri wenu. Muhuri huo uko kwenye faili. Paa lililokuwa zuri siku ya kupokea pesa limechakaa lini? Au linachakaa pale mtu anapodai?

Mmesema pia kipimo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa hakikuonyesha upepo mkubwa usiku ule. Kipimo hicho kiko uwanja wa ndege, Chake Chake. Mimi niko Wete. Ni kilomita thelathini hivi za vilima, mabonde na mikarafuu. Upepo unaoshuka na wingu la radi hauji kama kusi linalovuma kisiwa kizima. Unashuka ghafla, unafagia ukanda mwembamba, unakwisha. Mtaa huu umelala chini na mtaa wa pili hata nguo kwenye kamba hazijaanguka. Ndiyo maana paa la jirani yangu lilibaki, kwa kuwa hilo nalo mliliuliza. Mwembe wa nyuma ya msikiti uling'oka na mizizi. Na wenyewe ulikuwa umechakaa?

Kijana wenu aliposema Zanzibar hakuna dhoruba nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni ofisini kwake. Sasa namjibu nikiwa kwangu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikuumia kiasi kile, na ndiyo maana baada ya hapo karafuu ikawa habari ya Pemba. Uchumi wa visiwa hivi ulihamishwa na upepo, naye anakaa Mjini kwenye dawati la bima hajui! Na hilo la 1872 ni la mababu, hebu tulete la juzi: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Alikuwa wapi?

Lakini la historia ningelisamehe. Naomba nirudi pale kwenye dawati, kwa sababu nilivyoeleza mwanzo nilificha jambo. Niliona aibu.

Nilimpa picha. Akaweka kikombe juu ya picha, na picha aliyoiweka juu ilikuwa ile ya charahani ya marehemu mama yangu, ya miguu, ambayo haimo hata kwenye madai, niliipiga kwa uchungu tu. Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, toa kikombe." Hakukitoa. Akacheka, akasema yale ya paa kuzeeka. Nikadhani amemaliza. Akamgeukia mwenzake wa dawati la pili, akasema, si kwa kunong'ona: "Hawa wa Pemba wakisikia bima wanadhani sikukuu ya Idi, kila mtu na mkono wake." Mwenzake akainama kwenye kompyuta. Kwenye foleni nyuma yangu alikuwepo mtu wa kwetu, tunajuana, ana duka Darajani. Akatazama chini kunisitiri. Mimi mwanamke mwenye wajukuu, ninayelipa ada yenu mwaka hadi mwaka na sijawahi kudai hata kioo kilichopasuka, nimekaa kwenye kiti kama mwizi wa kuku aliyeshikwa sokoni. Kijana akanywa chai yake, akakirudisha kikombe pale pale juu ya picha.

Hilo ndilo lililonitoa machozi kwenye meli wakati wa kurudi, si paa.

Sasa madai yangu. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mlipe kiasi alichokadiria mkadiriaji wenu mwenyewe, na mnieleze kwa maandishi katika zile shilingi 280,000 za nyongeza ni ngapi za hatari ya Pemba na ngapi za Texas. Mengine ningewaachia Mungu.

Lakini nimejikumbusha sare. Nilikuwa nimepokea kazi ya skuli mbili, kitambaa kimeingia buluu, muhula ukafunguliwa, wazazi wamekwenda kushonesha kwingine na wana haki yao. Mafundi wangu wawili wa kike wamekaa nyumbani. Hasara hiyo imekuja si kwa upepo tu, imekuja kwa nyinyi kunizungusha, leo leteni barua ya sheha, kesho barua ya sheha haina tarehe, keshokutwa mwenye faili yuko likizo. Basi na hiyo naidai. Pia nadai turubali nililonunua kufunika jengo na mbao za kuegemeza ukuta, maana mlinikataza nisiezeke upya mpaka mkague mara ya pili, na mara hiyo ya pili naisubiri mpaka sasa huku mvua za masika zikiingia ndani.

Nyongeza ya ada mnirudishie yote, na habari za ngapi za Texas siziulizi tena. Kama Zanzibar hakuna dhoruba, mmenitoza kwa nini?

Na kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, barua ibandikwe kwenye ukumbi ule ule wa wateja ambamo alinitukana, ikae mwezi mzima, ili na yule mtu wa Darajani aisome.

Nawapa siku kumi na nne tangu barua hii kugongwa muhuri wa kupokelewa. Zikipita, nakwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, wana ofisi hapo hapo Unguja, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nikiwa na barua zenu mbili, risiti yenye muhuri wenu, na picha yenye duara la chai. Wakiona inafaa mahakamani, nitakwenda mahakamani. Nina mpwa mwenye kalamu nzuri na nina muda, kwa kuwa charahani hazifanyi kazi. Wafanyabiashara wa Wete tuna kikao chetu cha kila mwezi, na wengi wao hati zao ziko kwenu na zinakwisha mwaka huu. Mpaka sasa sijawaambia kitu. Siku ya kumi na tano nitawasomea barua zenu zote mbili, ile ya ada kwanza, kisha ile ya uchakavu, bila kuongeza neno langu.

Mkadiriaji mkimtuma tena, mlango uko wazi na atapewa chai. Yule kijana msimtume.

Wenu,
Mteja, mwenye jengo lisilo na paa,
Wete, Pemba.

Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, Zanzibar (nimeshaiandaa, bado sijaipeleka).