Kwa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya Mtaa Wetu: Msikubali Yamalizwe Nyumbani

Wanangu,

Wengi wenu niliwapokea kwa mikono yangu siku mlipozaliwa, kwa hiyo mtanivumilia nikiwasema bila kuzunguka.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, mliiandaa vizuri. Maturubai yalitosha, fulana zilipendeza, watoto walighani ngonjera yao na mgeni rasmi akapigiwa makofi. Nilikaa pale nikiwa na hasira, kwa sababu wiki hiyohiyo, hapa hapa mtaani, shauri la mtoto aliyebakwa na ndugu wa nyumbani kwao lilikuwa limewekewa kikao na kuishia kwenye fedha na mbuzi. Miongoni mwenu wapo waliokaa kwenye kikao kile, na wanajijua. Sitasema zaidi ili mtoto asitambulike.

Kila mkiomba bajeti mnasema jamii inahitaji elimu. Elimu ni kweli inahitajika. Lakini wale wazee waliokaa mkekani walikuwa wamekosa elimu gani? Walijua kilichotendeka. Walijua ni kosa. Ndiyo maana walifunga mlango na kuwafukuza watoto uani. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi walitendewa na watu wanaowafahamu. Watu wanaowafahamu, wanangu! Yaani wanaokula nao, wanaowaamkia shikamoo. Mtu wa namna hiyo hatishwi na bango. Anachokitegemea ni kwamba ukoo utaona aibu, na kwamba nyinyi mtaitwa "kusuluhisha".

Hakuna cha kusuluhisha. Ugomvi wa mpaka wa shamba suluhisheni, na deni pia. Kumbaka mtoto ni jinai, na jinai ni kesi ya Jamhuri. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kuisamehe, mjumbe hana, shehe hana, mchungaji hana. Mtu mzima akipatikana na hatia hii adhabu inaanzia miaka 30 jela, na mtoto akiwa na umri chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali ya mtaa. Sasa taarifa ikishafika kwenu halafu ikaishia mkekani, mtoto akimbilie wapi?

Miaka yangu ya uuguzi iliniondolea uvumilivu kwa neno hili "tumalizane". Nilikuwa nikiletewa mtoto siku nyingi zimepita, ameogeshwa, nguo zimefuliwa na kuanikwa. Ukimuuliza mama kwa nini amechelewa, jibu ni moja: "Wazee walikuwa wanakaa." Wakati wazee wanakaa, saa 72 za kuanza dawa ya kuzuia VVU zimepita, na ushahidi umekwenda na maji. Halafu kikao kikivunjika kwa sababu ya kiasi cha fedha, ndipo wanakumbuka polisi. Na wasipogombania fedha mambo huwa hivi: mtoto anapelekwa kijijini kwa bibi yake "asahau", anaacha shule na wenzake, na aliyemtenda anabaki mtaani na chumba chake kilekile, akiwaangalia watoto wa jirani wakicheza. Mtoto ndiye anayefukuzwa. Mnalijua hili kwa sababu ndilo lililotokea juzi.

Wanawaambia pia kwamba hakuna shahidi. Mahakama zetu zinaruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa makosa haya kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli. Waelezeni.

Mengine nayaandika kwa kifupi, mnayaweza mkitaka. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Hospitali ianze kumtibu. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, isiwe sababu ya kumrudisha mlangoni. Namba 116, simu ya kuomba msaada kwa mtoto, haitozwi fedha, iandikeni ukutani kwenye kila duka. Msimhoji mtoto kila mmoja kwa zamu yake, aulizwe na afisa ustawi wa jamii au na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mgeni wa kiume asilazwe chumba kimoja na watoto, hata akiwa mjomba. Watoto wa kiume nao waulizwe wanaendeleaje, kwani wao tumewasahau kabisa.

Nawaonea huruma akina mama, na hili halizungumzwi kwenye semina. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Mama akienda polisi, wifi zake wanamwita mvunja ukoo, na kanisani au msikitini watu wanamkwepa. Kesi ikifika mahakamani inaahirishwa, inaahirishwa tena, nauli inamwishia, mwishoni haendi na kesi inafutwa kwa kukosa shahidi. Kisha tunasema mama amehongwa. Nani alimsindikiza? Nani alimkopesha nauli, au alimpikia watoto waliobaki? Jamii yetu ina michango ya harusi, ya vipaimara na ya misiba, na kamati zake hukutana kila wiki. Mchango wa mtoto aliyeumizwa sijauona hata mmoja.

Basi fedha za fulana za mwakani zigeuzeni nauli ya mashahidi. Mgeni rasmi atakuja hata bila fulana.

Mkutano wenu ujao nitahudhuria. Naomba katibu aje na daftari, asome kila shauri la mtoto lililoletwa kwenu mwaka huu: lilipokelewa lini, lilipelekwa wapi, limefikia wapi. Majina ya watoto yasisomwe. Na lile la mwezi Juni nataka nisikie limeshafika Dawati la Jinsia na Watoto kabla ya siku hiyo. Likiwa halijafika, nitalipeleka mwenyewe, na waliokaa kwenye kile kikao wataitwa kueleza walichokijua.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu