Barua ya wazi kwa Bwana Afya wa kata yetu: sinki la stendi halina maji

Bwana Afya,

Salaam kutoka hapa stendi. Mimi ni yule mama lishe wa meza ya pili ukitokea kwenye mwembe, uliyeniandikia onyo wiki iliyopita kwa kukosa "kifaa cha kunawia mikono". Onyo nimelipokea, nimelikunja, liko chini ya kopo la chumvi. Siandiki kulikataa. Naandika kwa sababu ya maneno yaliyotoka kwenye kipaza sauti cha gari lako: kwamba watu wa hapa ni wakaidi, corona ilitufundisha kunawa na mara hii tumeshasahau.

Hapo umetuonea.

Wewe umehamia juzi, kwa hiyo acha nikusimulie. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, kesho yake shule zikaanza kufungwa, na haukupita muda kila duka la hapa likawa na ndoo ya koki mlangoni. Hakuna aliyetuchapa fimbo. Ndoo zilipoadimika tulitoboa madumu ya mafuta ya kula tukachomeka koki kwa gundi. Fundi cherehani aliweka magauni pembeni akawa anashona barakoa za vitenge. Daladala zikawa "levo siti", abiria wa kukaa tu, na konda mmoja wa ruti yetu akisimama mlangoni na kichupa cha vitakasa mikono, anakudondoshea tone moja kama anakupaka uturi. Tulisalimiana kwa kugonganisha miguu, na wazee walioona hiyo ni dharau tuliwabembeleza. Wateja wangu, makuli na bodaboda ambao mikono huifutia kwenye suruali, walipanga foleni kunawa kabla sijawapakulia ugali. Sinki la zege hapo stendi lilikuwa na koki nne, na boza lilikuja kujaza tangi lake.

Sisemi tulikuwa malaika. Tangawizi na malimau vilipanda bei, na waliopandisha ni sisi kwa sisi. Tulijifukiza mpaka mwarobaini wa jirani ukabaki matawi matupu. Takwimu zilipokoma kutangazwa, hesabu ikiwa imeganda kwenye wagonjwa 509, kila mtu akawa daktari wa simu yake. Barakoa ikageuka kichekesho: ukiivaa unaulizwa, "Vipi, wewe unaumwa?"

Mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana. Marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji", basi, yanaishia hapo. Tulikaa mkekani tukimenya vitunguu vya pilau, kila mmoja anajua na hakuna anayetamka. Mimi nilimzika shemeji yangu Februari ile. Nilivaa barakoa njia nzima, nilipofika kwenye turubai nikaivua nikaifutika kwenye mkoba, kwa aibu. Aibu ya nini, mpaka leo sijapata jibu.

Hata chanjo ilipokuja ilikuwa hivyo hivyo. Rais Samia alichanjwa hadharani hapa Dar Julai 28, 2021, na kijiweni bado wakasema kwamba anayechanjwa hamalizi miaka miwili. Mwenzangu muuza vitumbua alichanja kimyakimya, akamficha hata mumewe. Vitumbua anauza mpaka leo.

Kwa hiyo woga ulikuwepo, umbea ulikuwepo. Lakini kunawa hatukukuacha kwa ukaidi, kwa sababu maji ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Boza liliacha kuja. Koki ziling'olewa usiku, moja baada ya nyingine, na za badala hazikuletwa. Tangi likafuata. Leo muuza mihogo anatunzia mzigo wake ndani ya sinki lile, na mvua zikinyesha linafuga mbu.

Mimi dumu la lita 20 nanunua kwa mkokoteni shilingi 500, maji yakikatika linapanda zaidi. Kwa siku natumia manane: kupikia, kuoshea vyombo, na mikono ya wateja. Yakibaki kidogo ninaosha sahani, maana sahani chafu mteja anaiona na mkono wake mwenyewe haoni. Ndiyo siku uliyonikuta. Masika yakija na kipindupindu kikasikika, najua utapita tena na lile gari.

Bomba la maji linapita hatua chache tu kutoka kwenye sinki. Naomba koki mbili, mita, na ijulikane nani analipa bili. Ushuru wa meza tunalipa, risiti tunazo. Sabuni tusikusumbue: wenye meza tumeshaelewana kuchangia kwa zamu, na vijana wa bodaboda wamekubali kulinda koki usiku, kwa sharti la kuoshea pikipiki Jumapili (mimi nimewakatalia, wewe utaamua).

Na kile kipaza sauti, kama kuna ugonjwa umeingia, tutajie jina lake na mtaa uliopo. Ukituambia "chukueni tahadhari" bila kusema ya nini, tunarudi kwenye simu zetu kutafuta wenyewe, na unajua tunachokutana nacho huko.

Njoo Jumatatu saa 12 asubuhi, kabla foleni ya chapati haijawa ndefu, na ikiwezekana uje na fundi bomba. Chai nitakupa. Mikono utanawa kwa maji ya dumu langu.

Mama lishe wa meza ya pili