Kwa ndugu yangu anayesema amepoa

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliisoma mara ya kwanza haraka haraka, nikitaka tu kujua kama mko wazima. Mko wazima, Mungu ni mwema. Mara ya pili nikaisoma taratibu, na ndipo nikaona kilichokufanya ukae chini kuandika.

Unasema umepoa. Ukipiga magoti maneno yanakwisha kabla hujaanza kuomba, na Biblia unaifungua Jumapili tu, pale mchungaji anapotaja mlango na mstari. Unasema umejichunguza sana utafute ni dhambi gani iliyokufikisha hapo, hujaiona. Sasa unaniuliza kama yawezekana mtu akawa na dhambi ya siri asiyoijua mwenyewe.

Yawezekana. Lakini kwa yale uliyoniandikia, nadhani unatafuta pasipo. Hebu rudia kusoma orodha yako: kazi, watoto, ujenzi wa nyumba, kwaya, kamati mbili za kanisa, na simu isiyonyamaza. Humo sioni hata kimoja ambacho ningekuambia ukitubie, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi.

Unaikumbuka ile karamu kubwa ya Luka 14? Waalikwa walianza kutoa udhuru. Mmoja kanunua shamba, lazima akalitazame. Wa pili kanunua ng'ombe jozi tano, anakwenda kuwajaribu. Wa tatu kaoa. Hakuna aliyesema anakwenda kulewa. Shamba, kazi, ndoa: hivi ni vitu ambavyo sisi tunafunga na kuomba ili tuvipate, na tukivipata tunasimama mbele ya kanisa kushuhudia. Mwenye karamu alikasirika vilevile. Na mwandishi wa Waebrania, katika mlango wa 12, anataja vitu viwili vya kuwekwa kando: kila mzigo mzito, na dhambi ile ituzingayo kwa upesi. Kama angekuwa na neno juu ya dhambi peke yake, angeitaja peke yake. Mzigo waweza kuwa halali kabisa na bado ukamlemaza mkimbiaji. Wewe umekagua upande wa dhambi, upande wa mizigo hujaugusa.

Kuhusu simu, najua ulitarajia nianze nayo. Simpi shetani sifa hiyo yote. Katika karne ya 4, huko jangwani Misri, aliishi mtawa mmoja aitwaye Evagrio, ambaye alifariki mwaka 399. Aliandika juu ya mawazo yanayomwingilia mtu anayesali peke yake, na kuna mahali anamweleza mtawa ambaye mchana unamwendea polepole kana kwamba una saa hamsini. Mtawa yule hatulii. Mara anatazama dirishani, mara anatoka nje kuangalia jua limefika wapi na kama saa tisa, wakati wao wa kula, imekaribia. Mara anachungulia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Na huyu ni mtu aliyekuwa ameshaacha mji, mali na jamaa zake!

Kwa hiyo kutotulia huku tulikuwa nako kabla ya simu. Simu imetupa tu dirisha la kubeba mfukoni. Ukifuta programu zote leo, nitafurahi, lakini kufikia wiki ijayo moyo utakuwa umeshapata pengine pa kuchungulia. Hata hivyo usije ukadhani nakupa ruhusa. Wakati wa maombi simu ikae chumba kingine, na Biblia yako iwe ya karatasi, maana hii ya kwenye simu ukifika mstari wa tatu wa Zaburi ujumbe unaingia na Daudi anasubirishwa. Na yale makundi ya kanisa uliyoyataja, yazime sauti bila kuona haya. Mimi nimo kwenye kundi moja la maombi ambalo sijaona likiombea kitu. Linatumiwa maua ya asubuhi njema.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako ni utumishi. Tumezoea kuhubiriwa habari ya Martha kana kwamba kosa lake ni kupenda shughuli za nyumbani. Soma tena Luka 10. Martha alikuwa anamhudumia Yesu mwenyewe, nyumbani kwake, na Biblia inasema alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi. Yesu hakumwambia utumishi ni mbaya. Alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, lakini kinatakiwa kitu kimoja tu." Tena angalia alivyomwendea Bwana: alikuja na malalamiko juu ya ndugu yake, kwamba amemwacha atumike peke yake. Nafikiri hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote. Utumishi ukianza kukuzalia manung'uniko juu ya wenzako, ujue unatumika kwa akiba iliyokwisha. Nawe katika barua hiyo moja umewalaumu wanakwaya wanaochelewa mazoezi zaidi ya mara moja, na wala sikukuuliza habari za kwaya.

Sikwambii uache kumtumikia Mungu. Mitume katika Matendo 6 walikabiliwa na kazi nzito, kugawa chakula cha kila siku kwa wajane. Hawakuidharau wala hawakuiacha ikaanguka. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, ili wao wadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Nenda kaongee na mchungaji. Mwambie unabaki na jukumu moja, na umtajie watu unaoona wanaweza kuyabeba yale mengine. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nawe umeshika tatu. Ukiogopa kwamba kamati itakufa bila wewe, basi hiyo hofu nayo uiombee, kwa sababu si imani.

Kukataa kutakuwa kugumu, nakujua. Nehemia, alipokuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu, aliitwa mara nne kwenye kikao katika uwanda wa Ono, na mara zote nne alijibu lile lile: anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka. Hakutunga udhuru mpya kila mara kama tunavyofanya sisi, na ukuta ukamalizika kwa siku 52. Tofauti ni kwamba wale walikuwa adui zake. Wewe wanaokuita ni watu wanaokupenda, kwa hiyo jibu lako liwe la upole zaidi, lakini lisibadilike.

Kinachonitia moyo ni Marko 1. Jioni mji wote ulikusanyika mlangoni, Yesu akaponya wengi. Alfajiri na mapema sana akatoka akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Shida za watu wale zilikuwa za kweli, na bado hakuwarudia, aliwaambia wanafunzi waende mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu. Kama Yeye alilinda saa zake na Baba hata mbele ya wagonjwa, mimi na wewe tuna kisingizio gani na ujumbe wa simu?

Ila usiifanye alfajiri kuwa sheria, maana una mtoto mdogo anayeamka kabla ya jogoo. Isaka alitoka kutafakari kondeni wakati wa jioni. Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Chagua saa unayoweza kuitunza hata siku mbaya, na ianze ikiwa fupi. Dakika kumi zinatosha: Zaburi moja kwa sauti, kisha sema na Mungu kama mtu asemavyo na baba yake. Mawazo yakitangatanga usipigane nayo. Ukimkumbuka mtu, mwombee palepale. Ukikumbuka kazi, iandike kwenye karatasi uendelee. Nimesikia wanaofundisha kwamba mawazo yakihama wakati wa maombi basi wokovu wako una kasoro; sikubaliani nao hata kidogo. Wala mimi si shabiki wa nadhiri kubwa kubwa, za kuacha hiki na kile kwa miezi. Zikivunjika mtu anabaki na hatia, na hatia inamfukuza magotini zaidi ya ilivyokuwa.

Jambo la mwisho utaliona dogo. Eliya alipochoka akaomba afe, chini ya ule mti wa mretemu, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Eliya alilala, malaika akamgusa, akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mlima Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye. Kwa ratiba uliyonieleza, huenda nusu ya hicho unachokiita kupoa ni usingizi unaokudai. Na Jumapili, kwa sisi tunaohudumu, imekuwa siku ya kazi kuliko zote, kwa hiyo tafuta nusu siku nyingine ndani ya wiki ambayo si ya kanisa wala ya ofisi.

Niandikie uniambie umeamua kuachia yapi, na mchungaji amesemaje. Akikataa, niambie pia, tulijadili. Mimi na mke wangu tunawaombea kwa majina, wewe, mwenzako na watoto. Wasalimie sana.

Ni mimi nduguyo katika Kristo.