Turbo ya Arusha haipimwi kwa geji ya Dar

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuwaeleze wenye Subaru, Mark II na magari mengine ya turbo (pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada) hapa Arusha na Moshi. Turbo inanunuliwa kwa kuangalia ukubwa wa mdomo na sifa za mtandaoni, inafungwa, na baada ya muda mfupi injini inafunguliwa pistoni zikiwa zimetoboka. Lawama zote zinabebeshwa petroli ya kituoni. Petroli ina sehemu yake, lakini kosa huwa limeshafanyika siku turbo iliponunuliwa.

Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni baa 0.86 hivi (baa moja ni karibu sawa na hewa ya pwani), Moshi kama 0.91, Dar es Salaam 1.01. Geji ya turbo haioni tofauti hiyo, inaonyesha kile tu kilichozidi hewa ya nje. Ukiweka 0.9 Dar, injini inapata jumla ya baa 1.91. Ukiweka 0.9 hiyohiyo Arusha inapata 1.76. Dereva anaona gari zito, anamwambia fundi aongeze, na turbo ambayo tayari inahangaika inazungushwa zaidi.

Inahangaika kwa sababu kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) haijali geji, inajali imekuza hewa mara ngapi. Weka hasara ya baa 0.1 kwenye intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini) na 0.03 kwenye ea klina: Dar inakuza mara 2.05, Arusha mara 2.24. Geji inasoma namba ileile, ila shafti ya hapa inazunguka kasi zaidi.

Chukua EJ20, injini ya Subaru ya lita 2, kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Ikijaza silinda kwa asilimia 90, na hewa baada ya intakula ikiwa nyuzi 50, kwa baa 0.9 za Arusha inavuta takriban kilo 11 za hewa kwa dakika. Kila pauni moja ya hewa kwa dakika hutoa karibu nguvu za farasi 10, na kilo 11 ni pauni 24 na ushee, kwa hiyo tunazungumzia farasi 245 hivi kwenye injini. Kwa barabara zetu hizo ni nyingi, wala si za kuonea haya.

Sasa fungua ramani ya kompresa ya mtengenezaji, yaani mchoro unaoonyesha turbo inafanya kazi vizuri kwenye hewa kiasi gani na ikiikuza mara ngapi. Ramani huchorwa kwa hewa iliyo karibu na ya usawa wa bahari, kwa hiyo kilo zako za Arusha zizidishe kwa 1.16 kabla ya kutafuta nukta yako. Wengi wanaruka hatua hii. Kilo 11 zinakuwa karibu 13, kwenye mstari wa kukuza mara 2.24. Hapo turbo ya TD04 ya Subaru Forester imeshazidiwa. Turbo ya TD05 yenye gurudumu la 16G inafaa, au GT2860RS kama uko tayari kutengenezewa manifoldi (bomba la moshi linaloshika turbo). GT3582R, turbo kubwa zaidi ambayo vijana wanaitamani kwa sababu ya mdomo wake, kwenye lita 2 utakanyaga mpaka mizunguko 4,500 ndipo ianze kusukuma, na kati ya taa za barabarani na matuta ya Sakina hutaufaidi huo mzigo hata siku moja. Hiyo waachie wenye 2JZ, injini ya Toyota ya lita 3.

Kwa nini tunasisitiza nukta iangukie katikati ya ramani? Joto. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 25, kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75 itaitoa ikiwa na nyuzi 128 hivi. Ufanisi ukishuka hadi 60, inatoka na 154. Hizo nyuzi 26 za ziada intakula haizimalizi zote, na hewa ya moto ndiyo inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya wakati wake na kuipasua pistoni. Tukumbuke pia kwamba magari mengi ya turbo ya Japani yalisetiwa kwa petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa huko kwa oktani ya karibu 100. Usitegemee kupata hiyo kituoni hapa.

Upande wa turbini (gurudumu linalozungushwa na moshi wa injini), hauzingi ndogo, yaani kasha lake, inaamka mapema lakini inabana moshi, na moshi uliobanwa hubaki ndani ya silinda ukiwa moto. Kwa petroli ya kituoni ni afadhali turbo ichelewe mizunguko mia tatu kuliko moshi kubanwa kwenye mizunguko ya juu. Kwenye GT2860RS zipo hauzingi za 0.64 na 0.86 (namba kubwa ni hauzingi pana zaidi), kwa lita 2 ya mjini 0.64 inatosha, kwa lita 2.5 anza kufikiria 0.86.

Nozeli za petroli za farasi 245 kwa silinda nne zisipungue sisi 440 kwa dakika kila moja. Mchanganyiko turbo inaposukuma uwe karibu hewa 11.5 kwa petroli 1 kwa uzito, upimwe kwa kipimo cha kweli, si kwa kunusa moshi. Plagi ziwe baridi daraja moja zaidi ya za kiwandani, mwanya milimita 0.7.

Turbo mpya ikitoa moshi wa bluu, msikimbilie kuirudisha dukani. Angalieni kwanza paipu ya kurudisha oili: inatakiwa ishuke wima au karibu na wima, isijikunje, iingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Oili hushuka kwa uzito wake tu. Ikikwama inapita kwenye sili. Turbo za beringi za gololi nyingi zinataka kizuizi chenye tundu la milimita 1 hivi kwenye oili inayoingia. Za bushi kwa kawaida hazitaki, na mkiziwekea mnaziua kwa kiu.

La mwisho ni kwa wanaoshuka pwani. Gari lililosetiwa Arusha kwa 0.9 likifika Korogwe mchana linapata hewa nzito zaidi na ya moto zaidi, kwenye sehemu za kontroli boksi (kompyuta ya injini) ambazo fundi hakuwahi kuzifikia alipoiseti huku Arusha. Kabla ya safari shusheni hadi 0.75. Nguvu itabaki karibu ileile, kwa kuwa jumla yake mkifika pwani ni 1.76.

Mafundi wa magari ya turbo,
Arusha