Bibi wa Kipoland aliyeishi Tengeru

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Juzi hapa Tengeru kaja dada mmoja wa makamo kutoka Kanada, kashika picha imeshaliwa pembeni, anauliza zile nyumba za msonge zilikuwa upande gani maana bibi yake alikaa hapa, vijana wa bodaboda wakacheka eti mzungu gani aliishi kwenye msonge wa nyasi. Mimi nikamwambia twende. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anawauzia ndizi na mayai wale wakimbizi wa Kipoland waliokaa hapa enzi za vita ya pili ya dunia, katuhadithia sana.

Wapoland walikuwa kama 5,000 hivi, wengi kina mama na watoto. Wasovieti waliwatoa makwao 1940 wakawapeleka Siberia kwenye baridi, 1942 wakatokea Iran, wakapakiwa meli mpaka huku, sasa vita inaisha na kwao kuna Wakomunisti, warudi wapi? Wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia, ukoo mmoja mabara matatu.

Tulipofika kwenye makaburi ya hao Wapoland, yule dada akawa anasoma majina kwa sauti, moja moja, alipofika la mdogo wake bibi, kafa bado mtoto, akachuchumaa akaanza kung'oa majani kwa mikono. Na mimi nikachuchumaa, ningefanyaje.

Kinachoniuma, shuleni tulikaririshwa vita ya pili yote, Hitler sijui nani, ila hili la mlango wa pili hakuna aliyetuambia. Walimu wa historia mnaosoma hapa leteni watoto bwana, kwa shule za huku ni mwendo wa mguu tu.

Mkazi wa Tengeru, Arusha